Programu Iliyomsubiri Gregori

Siku Twalib alipoongea na Kokushubila mara ya kwanza, walianza kwa kugombana. Twalib, mnunuzi wa mashine kuukuu, alikuwa Temeke, kwenye chumba cha kompyuta kubwa ya kampuni moja ya bima, lori liko nje na wapakiaji wameshaanza kupiga miayo. Kokushubila, aliyeitungia kompyuta hiyo programu tangu usichana wake, alikuwa ofisini Tegeta, kwenye simu.

"Usizime, kaka. Hesabu ya mwisho inaendelea."

"Inaendelea wapi, mama? Imeganda. Skrini inasema, 'Gregori, weka tepu.'"

"Basi mwambie Gregori ajibu."

"Gregori gani? Hapa nipo mie na wabeba mizigo. Mlinzi anasema huyo mzee kashastaafu."

Mama akaeleza, taratibu. Katikati ya hesabu, programu yake husimama, huiamuru mashine yenyewe ipeleke ujumbe kwenye skrini ile, na haiendelei mpaka mtu wa zamu ajibu. Tepu zenyewe, za kuhifadhia hesabu, ziliachwa zamani. Mstari ule wa programu hakuufuta, maana kila mwisho wa mwezi Gregori, mtu wa zamu, alikuwa akimjibu, majibu yakitokea kwenye skrini yake Tegeta, na hawakuwahi kuonana.

"Si niandike chochote tu?"

"Ukiandika wewe nitajua."

Twalib angeweza kuchomoa waya, ila mkataba ulisema hesabu isipokamilika mashine haitoki. Akamwomba mlinzi namba ya Gregori.

"Shikamoo mzee. Kuna mama wa Tegeta anakungoja kwenye kompyuta."

Gregori alikuwa sokoni Tandale, anauza mchele.

"Bado ameuacha ule mstari?" akauliza. "Haya, andika hivi: Imewekwa, dada. Umekula lakini?"

Twalib akaandika neno kwa neno. Hesabu ikaendelea mpaka ikaisha.

"Maneno hayo ni yake," Kokushubila akasema, akiyasoma kwenye skrini yake. "Yuko wapi?"

Hapo Twalib akaiona biashara. Kuizima mashine ile bila kuiharibu kulitaka amri ambazo huyu mama alizijua kichwani.

"Nipe amri za kuzimia, nikupe namba yake."

"We kaka huna haya."

"Haya sina, mama. Lori ninalo."

Kokushubila akamtajia amri moja baada ya nyingine, Twalib akizichapa, mpaka feni zikanyamaza. Ndipo Twalib akamsomea namba. Alimsikia akiiandika, halafu akisema, kama anaongea peke yake: "Sasa nimpigie nimwambie nini? Tepu hakuna."

Mashine Twalib aliiuza vizuri, vipande vipande. Tangu hapo mchele anauchukua Tandale kwa Gregori, na anapunguziwa bei bila kuomba; ila kila mara lazima asimame kwanza, mzee amwulize kama ana hakika ile namba alimsomea mama wa Tegeta sawasawa.