Nilivyomfundisha mama wa Japan kujibu maswali ya baiskeli, nikiwa Mbotela

Wakuu, niaje. Hii sikuambiwa na mtu, ilinipata mimi mwenyewe, na nitaiweka vile ilivyokuwa bila chumvi.

Kazi yangu ni kufundisha Kiingereza cha kuongea online. Wanafunzi wangu ni Wajapani. Meza yangu iko kando ya dirisha kwa nyumba ya mathe, mama yangu, hapa mtaani Mbotela. Huku ni mchana, kwao giza limeshaingia.

Kuna mmoja anaitwa Keiko, nesi aliyestaafu. Alitaka kujitolea kuwatembeza wageni kwa baiskeli mjini kwao, na lazima upite interview ya Kiingereza. Alikuwa ashaifeli mara moja kwa sababu majibu yake yalikuwa mafupi mno.

"Do you like cycling?"

"Yes. It is convenient."

Halafu kimya.

Nikamwambia, Keiko, usinijibu, nipeleke. Funga macho, panda baiskeli, niambie unaona nini.

Siku hiyo alinipeleka hadi mtoni. Maji, akasema, ni "slow". Class zilizofuata akaongeza mashamba ya mpunga, harufu ya nyasi iliyokatwa, jirani anayemwagilia maua.

Wakuu, hapa nje watoto wanapiga kelele, mnunuzi wa vyuma kuukuu anapita na mkokoteni, lakini kelele zote zilikuwa zinafifia taratibu kama redio inayopunguzwa sauti. Class ikiisha nilikuwa nainuka kwa kiti nikihisi upepo wa mto usoni. Na mimi sijawahi kuwa na baiskeli maishani.

Sasa siku moja nikauliza swali la kawaida tu la interview. "When did you last ride your bicycle?"

Hakujibu.

Nikadhani ni network. Nikaanza kurudia swali.

Mathe alikuwa nyuma yangu akikata mboga. Akaninong'oneza, "Brayo, huyo mama hajapotea. Mwachie muda."

Nikanyamaza. Mwishowe Keiko akasema, "My husband die. I stop."

Kwa mazoea ya kazi nikamwandikia kwa chat: I stopped.

Akasoma, akatikisa kichwa. "No, teacher. Stopped is finished. I don't want finished."

Kumbe ule mto wote alikuwa anaupita kwa kumbukumbu za zamani. Baiskeli ilikuwa stoo tangu amzike mzee wake.

Nikamwambia kwetu tuko na neno. Ukisema "sijapanda", haimaanishi umeacha. Ni bado tu. Kwa Kiingereza, sema "I haven't ridden since he died." Inaacha mlango wazi.

Akalijaribu la kwetu kwanza, pole pole. "Si-ja-pan-da."

Mathe akadakia kutoka nyuma, "Utapanda, mama. Utapanda."

Keiko akauliza huyo amesema nini. Nikamtafsiria. Akainamisha kichwa mbele ya kamera, heshima ya kwao, na mathe naye akainama na kisu mkononi.

Interview alipita. Aliniandikia kwamba safari hii wenye kumhoji ndio walimkatiza, muda uliisha akiwa bado anaongea.

Class iliyofuata akaomba iwe mapema, kwao jua likiwako. Nilipofungua video sikuona uso wake. Niliona anga, barabara nyembamba, mpunga pande zote. Simu ilikuwa kwa kikapu cha mbele, picha inatetemeka.

Mathe akavuta kigoda, akaketi karibu na mimi. Mto ukatokea upande wa kushoto na kweli maji yalikuwa yanaenda pole.

Nikauliza kama mwalimu, "Keiko, what are you doing?"

"I am riding," akasema akihema. "Teacher, wait. Big hill."

Tukangoja.

Nilichojifunza: mtu akijibu kwa ufupi, si lazima awe amekosa maneno. Pengine unamharakisha tu. Siku hizi nikiuliza swali, natulia.

Wenye mnafundisha lugha humu, ama mnaishi na mtu wa maneno machache, nyinyi mlimfungua vipi? Semeni, nasoma zote.