Mazito Maana Yake Nini

Daktari alikuwa mwanamke mpole, lakini Kifaransa chake kilikwenda mbio. Mama yangu, aliyekulia mashambani huko Butembo, alinitegemea mimi nimgeuzie maneno. Daktari aliposema "seins denses", nilitafuta neno, nikasema, "Mama, anasema matiti yako ni mazito."

Mama akajitazama kifuani. "Mazito wapi? Ninyi wote muliyanyonya, yamelala."

Uvimbe aliugusa mwenyewe akioga, nyumbani kwetu Majengo. Tulipokuja kwenye kliniki hii ya Himbi, picha ya matiti haikuonyesha kitu, tukamshukuru Mungu. Kisha wakachoma sindano pale penye uvimbe, wakatoa kipande cha kupima, na majibu yakasema ni kansa. Sasa nilikuwa na majibu mawili kichwani, yote kutoka kliniki moja.

Daktari akaanza upya kwa Kiswahili, polepole. Hakuwa akisema juu ya ukubwa wala uzito wa kubeba. Matiti ya watu wengine ndani yana nyama nyingi kuliko mafuta. Mkono hauwezi kujua, ni picha tu inayojua. Nyama hiyo hutokea nyeupe, na kansa nayo hutokea nyeupe.

"Kama chumvi ndani ya bunga ya muhogo," Mama akasema.

"Ndiyo, mama. Ndivyo hivyo."

Nilidhani tumefika. Kumbe kabla ya operesheni ya kutoa uvimbe tulitakiwa kuchagua. Eko, ile picha ya mawimbi ya sauti, ya matiti yote mawili ingefanyika hapahapa. Au tungeongeza IRM, ile mashine kubwa ya sumaku, kule Kigali, ng'ambo ya mpaka. Ingeweza kuona kansa nyingine iliyojificha. Ingeweza pia kuona vitu visivyo kansa, operesheni ikachelewa tukivichunguza.

"Si lazima," daktari alisema. "Mutaamua ninyi."

Mama akanigeukia. "Muganga ananiuliza mimi?"

Nyumbani, mama mdogo alituongezea ukungu. "Kama picha haikuona kitu, wanakata nini?" Nilimweleza, na katikati ya maelezo nikapotea mwenyewe. Asubuhi nilitaka twende Kigali. Mchana nilitaka akatwe kesho. Mama alichambua maharagwe.

Tuliporudi kliniki, aliuliza mwenyewe, hakunisubiri.

"Hiyo mashine ikiona kingine kwenye titi hili, utafanya nini tofauti?"

"Pengine nitaondoa titi lote, badala ya sehemu."

"Basi ondoa lote. Mimi sitaki sehemu. Hili lingine ulipime na eko."

Daktari alimweleza kwamba eko nayo haioni kila kitu, na kwamba titi likiondoka limeondoka. Mama akasema ameelewa. Mimi sikuwa na hakika kama nimeelewa.

Eko ikaona kivuli upande wa pili. Nilikaa kwenye benchi nimeshika kitenge chake, nikijilaumu kwa kutokwenda Kigali. Sindano ilipoingia ikatoa maji tu, kifuko cha maji kisicho na ubaya. Nikajilaumu tena, safari hii kwa kujilaumu.

Operesheni ilikwenda vizuri. Majuzi, kidonda kikiwa kimeshafunga, nilimwuliza daktari pembeni kama tulichagua sawa. Akajibu, "Mama yako alichagua akijua. Mengine hata mimi siyajui."

Nilitaka kuuliza zaidi, ila Mama alikuwa ananiita mlangoni nimfunge kitenge, maana mkono wa upande ule bado hauinuki vizuri.