Shahidi Asiyeshika Kitabu

Libère alikuwa fundi wa baiskeli katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Mrundi wa miaka arobaini na mitatu, mtu wa maneno machache. Majirani walijua mambo mawili juu yake: kwamba aliwahi kusoma seminari huko Burundi, na kwamba kila Jumapili mkewe Émérance alikwenda misa peke yake. Mambo hayo mawili hawakuweza kuyapatanisha. Wengine walisema amelaaniwa, wengine wakasema ni mvivu tu.

Imani ilimtoka mwaka wa nne wa ukimbizi, asubuhi moja ya ukame. Kundi la sala lilikuwa likiomba mvua kwa ajili ya maharage. Ng'ambo ya barabara, waumini wa kanisa lilelile walikuwa wakiomba jua lizidi, wapate kukausha matofali yao. Libère alifungua macho katikati ya sala, akawatazama wote, akahisi kwamba anajisemea mwenyewe. Hakulia. Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Alipofika nyumbani alimwambia mkewe.

"Mtu asiyeogopa Mungu," Émérance aliuliza, "anaogopa nini?"

"Naogopa kukuumiza wewe."

Jibu hilo halikumridhisha. Lakini Libère alikaa naye miaka sita zaidi bila kofi wala tusi, mwishowe mkewe akaacha kuuliza.

Jirani yao alikuwa Déo, kiongozi wa kundi la sala, mwenye sauti nzuri kuliko wote. Kila mtu alijua kwamba anampiga mkewe, Chantal. Chantal alipolalamika, wanakundi walimwekea mikono kichwani, wakamwambia huo ndio msalaba wake, auvumilie.

Mchana mmoja wa mwezi wa nane, Déo alimpiga Chantal kwa mwiko wa ugali nje ya nyumba, huku wanakundi watano wamekaa palepale wakingoja sala ianze. Libère aliacha gurudumu alilokuwa akilinyoosha, akakimbia, akamnyang'anya Déo ule mwiko. Jicho la kushoto la Chantal lilikuwa limejaa damu. Wale watano waliinamisha vichwa, wakaanza kuimba.

Libère na Émérance walimpeleka Chantal mpaka Mbarara, hospitali ya Ruharo. Daktari wa macho alisema wangechelewa siku mbili, jicho lingekufa. Halikufa. Bandeji ilipotolewa, Chantal alimtazama Émérance, akasema, "Kumbe kitenge chako ni cha kijani." Wote watatu wakacheka mpaka muuguzi akawaambia wapunguze sauti.

Kesi ilipelekwa mahakamani Mbarara. Ndipo wanakundi walipomjia Libère kibandani kwake.

"Déo ametubu mbele ya altare," walisema. "Mungu amemusamehe. Kwa nini tena kumupeleka kwa watu?"

"Na Chantal, amemsamehe?"

"Atasamehe."

"Basi tumngojee yeye. Ndiye aliyepigwa."

Waliondoka wamekasirika, lakini mmoja aligeuka akasema kwamba hakimu hapokei neno la mtu asiye na Mungu. Neno hilo lilimkaa Libère kifuani. Ushahidi wake ungetupwa, Chantal angerudishwa kwa Déo. Alimwambia mkewe kwamba ataishika tu Biblia na kuapa, kwani kwake ni karatasi kama karatasi nyingine.

Émérance aliacha kuchambua maharage. "Kama huamini, kuapa kwako ni uongo. Utaanza ushahidi na uongo?"

Libère alimtazama mkewe, mtu wa rozari na misa, akaona haya.

Siku ya kesi, wawili kati ya wale wanakundi watano walitangulia. Mmoja wao alikuwa mama mtu mzima aitwaye Concilie. Wote wawili walishika Biblia, wakaapa, wakasema Chantal aliteleza akaangukia jiwe. Kisha Libère akaitwa. Mkalimani alikuwa Habibah, mwanamke Mwislamu aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke, mwenye Kiswahili cha mkato kama cha askari.

"Wewe dini gani? Lete Biblia ama Kurani?"

"Sina dini, mama."

Habibah alidhani hakusikia vizuri. "Mkristo wa kanisa gani?"

"Si wa kanisa lolote. Siamini kwamba Mungu yupo. Lakini nitasema ukweli."

Watu walinong'ona. Déo alitabasamu. Habibah alimtafsiria hakimu polepole, kana kwamba ana habari ya msiba. Hakimu, mama wa miwani, hakuinua hata kichwa. Alisema maneno machache huku akiandika.

"Anasema sheria inajua watu kama wewe," Habibah alieleza. "Thibitisha kwamba utasema ukweli. Basi."

"Basi?"

"Basi. Ama ulitaka ngoma?"

Watu wakacheka, na Libère pia. Akathibitisha kwamba atasema ukweli. Alisimulia kila kitu: mwiko, damu, wimbo.

Wakili wa Déo alisimama. "Wewe huogopi moto. Nani atakuzuia kudanganya?"

"Chantal," alisema Libère. "Nikidanganya, atarudi kwenye ile nyumba. Mimi nitamuona kila siku."

Hakimu aliuamini ushahidi wake, na ripoti ya daktari ililingana nao. Déo alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Chantal alikaa kwenye benchi akivuta pumzi ndefu, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyetoka majini.

Wiki ya tatu baada ya hukumu, Concilie alifika kibandani bila baiskeli. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Fundi, nami niliona," alisema. "Nilikwenda kuungama. Padri alinipa sala tano, nikazisali zote. Lakini nikikutana na Chantal kisimani, nakimbia. Wewe ulisoma seminari. Niambie, ni sala gani imebaki?"

"Hakuna sala. Hukumkosea Mungu, mama; ulimkosea Chantal. Mungu ni rahisi, hakutazami usoni. Nenda kwa Chantal."

"Akinifukuza?"

"Atakuwa na haki."

Concilie aliinuka kwenye ndoo, akaenda. Chantal hakumfukuza, wala hakumkumbatia. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Sijakusamehe bado, mama. Lakini kesho njoo unisaidie kumenya mihogo." Concilie alikwenda kesho yake, na kesho kutwa.

Émérance ndiye aliyemletea Libère habari hizo, Jumapili, akitoka misa. Alimkuta mumewe amepika wali na dagaa, anapuliza moto huku akiimba wimbo wa harusi wa kwao Burundi. Miaka mingi hakuwa amemsikia akiimba. Alivua viatu, akaketi karibu yake, akaingia katika ubeti wa pili.