Wembe Mmoja wa Matanga

Nesi wa Kitale alipomwambia mdogo wangu kwamba ana homa ya ini aina ya B, nilidhani ugonjwa huo naujua. Mwaka ambao choo cha ploti yetu kilifurika hadi kisimani, macho yangu yaligeuka manjano pamoja na ya watoto wa jirani. Tuliambiwa ni maji. Tukaanza kuchemsha maji, na baada ya wiki kadhaa tukapona.

Kwa hiyo nilimtengea sahani, kikombe na kijiko. Niliacha shule nikiwa darasa la saba, mama alipofariki, nikawalea yeye na kitinda mimba wetu kwa vibarua vya mahindi. Sikuwa tayari kuwapoteza wote wawili. Akawa anakula mlangoni, ametupa mgongo.

"Ati leo tuna mheshimiwa!" kitinda mimba alimtania. "Si hata sahani yake haiguswi, bana."

Hakucheka.

Wiki ya tatu niliwapeleka wote zahanati, sisi wawili pia tupimwe. Nesi aliposikia habari ya sahani na ya maji ya kisima, aliweka kalamu chini.

"Dada, ile ya maji ni A. Inatoka chooni, inaingia mdomoni. Hii B haishikwi kwa sahani. Inapitia kwenye damu, kwa kujamiiana, na kwa mama anapojifungua. C nayo ni ya damu. Mmewahi kunyolewa kwa wembe mmoja?"

Siku ya tatu baada ya kumzika mama huko Kabuchai, shangazi alitunyoa, maana kwetu waliofiwa lazima wanyolewe. Watu wazima walitangulia. Kisha sisi, kwa wembe uleule. Mdogo wangu, mtoto wa chekechea, alilia akigeuza kichwa, na mimi ndiye niliyemshika. Alikatwa juu ya sikio. Shangazi aliupangusa wembe kwa leso, akaendelea.

"Ni pale?" niliuliza.

"Pengine. Pengine ni kwa mama yenu. Alikuwa anaugua nini?"

"Tumbo lilivimba."

Nesi aliinamia karatasi zake. "Ini likiharibika, tumbo hujaa maji hivyo."

Mimi na kitinda mimba hatukupatikana nao, tukadungwa chanjo ya kwanza. Mdogo wangu alipewa kadi ya kurudi kupimwa ini, miaka yote ya maisha yake.

Tulipofika nyumbani nilipakua ugali, nikamwita.

"Njoo mezani. Nilikosea."

"Si neno, dada," alisema bila kugeuka. "Hapa nimeshazoea."