Dira ya Chini ya Kitanda

Mume wangu gatini wanamwita Polepole, na wanaomwita hivyo hawamsifu. Kazi ambayo fundi mwingine anaimaliza kwa siku moja yeye inamchukua siku tatu, halafu siku ya nne anarudi kuikagua. Nimeishi naye miaka thelathini na moja. Nimemwona akikaza skrubu, akiilegeza, akiikaza tena, kisha akikaa kuitazama kama anayesubiri imjibu. Zamani nilikuwa nikimcheka. Baadaye nikaona kwamba boti alizofunga nyaya yeye hazirudi kutengenezwa, na wale wanaomcheka ndio hao hao wanaomwita kazi zao zikiungua.

Ni fundi wa umeme wa boti. Anafunga taa, pampu, betri na redio, na zaidi ya vyote kile chombo kinachoshika usukani chenyewe nahodha akiwa anapika au amelala. Mafundi wanakiita otopailoti. Kina mota inayosukuma usukani, lakini mota ni punda tu. Anayemwelekeza punda ni dira, kiboksi cheusi kisichozidi kiganja, kinachofichwa ndani kabisa ya boti. Dira ikidanganya nyuzi kumi, boti nayo inapotoka nyuzi kumi, na mwenyewe amelala fofofo. Haya nayajua kwa sababu mume wangu mezani hana habari nyingine.

Sasa, daktari mmoja wa meno, mstaafu, aliuza mashua yake ya matanga, na ikawa lazima ipelekwe kwa mnunuzi, safari ya siku sita. Nahodha aliyemchagua ni kitindamimba wetu, ambaye mpaka leo tunamwita Kitinda ingawa ana miaka ishirini na sita na cheti cha unahodha. Miaka minne alikuwa akiwapikia manahodha wengine na kuwakunjia matanga. Hii ingekuwa safari yake ya kwanza kama nahodha, na angeifanya peke yake. Baba yake akapewa kazi ya kufunga otopailoti. Watu wakasema ni raha iliyoje, baba na binti kazi moja. Mimi sikuiona raha hiyo. Nina watoto watatu. Wawili wakubwa waliondoka wakiahidi kurudi, na siku hizi wanatuma picha. Huyu ndiye aliyebaki, na alikuwa anakwenda kulala katikati ya maji, usukani amekiachia kiboksi.

Nikafanya ninachokijua. Nikanunua makopo: maharage, samaki, nyanya, maziwa. Kitinda alikwisha kuniambia hayataki, kwamba ana vyakula vyake vikavu na boti ikizidi uzito inakuwa mvivu. Nikamjibu sawa mwanangu. Kisha kila nilipowapelekea chakula cha mchana nikabeba makopo matatu au manne chini ya kikapu, nimeyaviringisha taulo yasigongane. Nilikuwa nimemsikia akisema vitu vizito vikae chini, katikati ya boti. Nikapata mahali pazuri, kishimo nyuma ya jiko kinachoingia mpaka chini ya kitanda. Nikayapanga huko na kuyafunika gunia. Nilisema moyoni kwamba njaa ikimshika atayakuta, na akiyakuta atanikumbuka.

Sikujua kwamba upande wa pili wa ubao ule, shibiri moja tu, ndipo mume wangu alipofunga dira yake. Naye alikuwa na sababu kama yangu. Dira hukaa chini, katikati, mahali ambapo boti haiyumbi sana.

Jumatatu aliizungusha mashua mara mbili ndani ya bandari, taratibu, duara baada ya duara, ili dira izoee vyuma vya boti na kujirekebisha. Ikatulia. Akarudi nyumbani anapiga mluzi, jambo ambalo huwa halifanyi. Jumanne asubuhi akailinganisha na dira ya mkononi, akakuta imepotoka nyuzi tano. Akazungusha tena, ikatulia. Mimi nikaja na kikapu, nikaondoka. Alasiri ikawa imepotoka tisa.

Akatoa skrubu za chuma akatia za shaba. Akahamisha redio. Akazisokota nyaya upya, akavua saa, akatoa funguo mfukoni. Mwishowe akavua mkanda kwa ajili ya bizimu yake ya chuma, akawa anafanya kazi mkono mmoja umeshikilia suruali. Kitinda alicheka mpaka akakaa chini. Akasema baba ukisalimiana na mtu tutaaibika. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka wiki ile, kwa sababu suruali haikusaidia kitu.

Jumatano asubuhi niliwahi. Baba na binti walikuwa juu, wanabishana na yule daktari kuhusu nyaya, na daktari alikuwa anawaambia neno lake la mwisho: isipotulia kufikia Alhamisi saa tisa alasiri, anatafuta nahodha mwingine mwenye mabaharia wawili wa kupokezana usukani. Nilisikia kila neno nikiwa nimepiga magoti nyuma ya jiko, kopo mkononi. Pale ukutani palikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha mwelekeo wa boti. Kilisema mia na arobaini na mbili. Boti imefungwa kwa kamba nne, hakuna upepo, haigeuki hata kidogo. Nikasukuma kopo ndani, nambari ikapanda. Arobaini na tatu, arobaini na nne. Nikalitoa, ikashuka. Nikalirudisha, ikapanda tena.

Mimi sikusoma umeme, lakini si mjinga. Nilikaa sakafuni nikayaelewa yote kwa mpigo mmoja: chuma cha makopo yangu ndicho kilichokuwa kinaivuta dira. Wazo lililofuata, na hili nalisema kwa sababu nimechoka kulibeba, halikuwa kumwita mume wangu. Lilikuwa hivi: nikinyamaza mpaka kesho saa tisa, mtoto wangu haendi.

Nikaacha kopo mahali pake, nikaongeza na mengine mawili.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilijifunika msemo huo siku nzima kama shuka fupi, nikivuta kichwani miguu inabaki nje. Miguu iliyobaki nje ni mume wangu. Mchana ule alikata nyaya zote alizofunga, mita ishirini na zaidi, akaanza upya. Alimaliza, akapima, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Akakaa juu ya sanduku la vifaa akamwambia Kitinda asiiamini tena kazi yake, kwamba pengine macho yamekwisha au akili imekwisha, na kwamba ilikuwa makosa kumpa mzee kazi ya kulinda roho ya mtu. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anasoma kipimo cha betri. Kitinda akamshika bega na kumwambia asiseme hivyo. Mimi nilikuwa naosha sahani mbili. Niliziosha muda mrefu sana.

Ningeweza kusema wakati ule. Nikajiambia ni siku moja tu, atapona. Mtu wa miaka sitini na mbili ataponaje baada ya kuambiwa na dira kwamba yeye si fundi tena? Sikutaka kujiuliza hilo.

Alhamisi saa tisa yule daktari akafika. Wakatoka na mashua mpaka katikati ya bandari, nami ndani, wakaiachia otopailoti. Ikashika njia mia na themanini kwenye kioo, huku pua ya boti inaelekea kwingine kabisa, kwenye ukuta wa gati. Kitinda akaudaka usukani. Tukarudi gatini. Nikashusha pumzi, nikafikiri yamekwisha, nikaanza hata kuwaza nitampikia nini jioni.

Daktari akasema yule nahodha mwingine amekwisha kuchukua kazi kwingine na mnunuzi hawezi kungoja. Akakuna kichwa. Ndipo binti yangu akasema, tena kwa upole, "Nitakwenda hivyo hivyo. Nitashika usukani mwenyewe. Nikizidiwa na usingizi nitaufunga usukani kwa kamba."

Siku sita. Daktari akatazama maji, akatazama viatu vyake, akasema kama nahodha ameridhika, yeye hana neno. Yeye na Kitinda waliondoka pamoja kwenda ofisi ya bandari kuandikisha safari ya kesho.

Sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa nimechimba shimo la kumzuia mtoto asiende, na sasa alikuwa anakwenda na shimo langu ndani ya boti. Nilishuka ngazi kwa kushika kila kitu kilichoshikika. Mume wangu alikuwa chini, anapanga vifaa vyake sandukuni, kila koleo anaifuta kwa kitambaa kabla ya kuilaza, kama mtu asiyetarajia kulifungua sanduku hilo tena. Nikapita mbele yake, nikapiga magoti nyuma ya jiko, nikavuta gunia.

Kopo la kwanza niliweka mezani. La pili. La tatu. La tano akakitazama kioo ukutani. La saba akasimama. Nambari ilikuwa inashuka kila nilipotoa mkono, na yeye anayatazama makopo, anakitazama kioo, anayatazama makopo. Yalikuwa kumi na tisa. Nilipotoa la mwisho akachukua dira ya mkononi, akailinganisha, akaiweka chini polepole.

"Ulijua lini?"

"Jana."

"Jana asubuhi au jana jioni?"

Nikasema asubuhi. Nikamwona anahesabu. Asubuhi ni kabla ya kukata nyaya. Asubuhi ni kabla ya kumwambia mwanawe asimwamini. Nilingoja anipigie kelele. Katika miaka yote hiyo mimi ndiye mwenye kelele nyumbani, na siku ile ningempa zamu yangu kwa moyo wote. Akafunga tu mkanda wake, kwanza tundu moja, akaona limelegea, akahamia la pili. Kisha akaniambia nishikilie usukani, kwa sababu Kitinda hayupo na boti inatakiwa kuzungushwa.

Tulizunguka mara mbili, mimi na yeye, yeye akinihesabia. Nilikuwa nalia na kuzungusha usukani, na yeye ananisahihisha: taratibu, mama, duara lisiwe na kona. Dira ikatulia. Akaipima mielekeo minane, kila mmoja mara tatu, na yote ikawa sawa.

Kitinda na daktari wakatukuta tunafunga kamba. Mume wangu akawaambia imepona. Daktari akatoka nayo mwenyewe, akaijaribu, akarudi anatikisa kichwa kwa furaha, akauliza ugonjwa ulikuwa nini. Makopo yalikuwa tayari kikapuni kwangu, chini ya taulo. Nikavuta pumzi niseme.

"Kosa langu," mume wangu akasema. "Niliifunga karibu na chuma, sikuangalia."

Daktari akacheka, akampiga begani, akasema uzee huo fundi, hata yeye kabla ya kustaafu alikaribia kung'oa jino zima la mtu. Kesho yake gati zima walikuwa na habari hiyo, Polepole kahangaika siku nne kwa chuma alichokisahau mwenyewe. Kitinda hakucheka. Alimtazama baba yake kwa huruma, ile ambayo mtoto humtazama nayo mzazi aliyeanza kuchoka, na mimi ningependa kuzama hapo hapo kuliko kuiona.

Aliondoka Ijumaa mchana. Tukasimama mpaka tanga likapotea. Njiani kurudi nikamuuliza mume wangu kwa nini alifanya vile, kwa nini hakuniacha niseme.

"Atakuwa peke yake siku sita," akasema. "Lazima awe na mtu wa kumpigia simu bila kinyongo. Mimi kwenye simu sifai, unajua."

Nyumbani alilala upande wake, alikula nilichompa, alinijibu nilipomuuliza, na hakuniita mama kama alivyozoea.

Siku ya tatu Kitinda akanipigia kwa simu ya setilaiti ya kwenye boti. Sauti yake ilikuwa inakatikakatika. Alisema bahari nzuri, upepo wa nyuma, amelala saa mbili mfululizo na alipoamka boti ilikuwa kwenye njia yake, haikupotoka hata uzi mmoja. Akacheka. Halafu akashusha sauti.

"Mama, baba yupo karibu?"

Alikuwa mbele yangu mezani, mikono juu ya meza, anajifanya hasikii.

"Mwambie asijilaumu. Kila mtu anakosea. Utamwambia?"

Nikasema nitamwambia.