Maji ya Pacha wa Pili

Wodi nzima ya wazazi ilimwita Sista Upesi, na jina hilo hakupewa bure. Mkunga huyu alivaa glovu huku anatembea, alimkemea mama mmoja huku anampongeza mwingine, na ukimwuliza jambo alikujibu akiwa ameshafika mlangoni. "Sukuma, mama, sukuma! Mtoto hazaliwi kwa masimulizi!" Kina mama walimchukia wakiwa kitandani, kisha wakamletea sabuni na vitambaa wakishapona. Mwanamke wa shoka yule, walisema. Wangejua! Huyo mwanamke wa shoka aliinamisha macho kwa hofu kila Jumapili padri alipoinua hostia.

Hofu aliirithi nyumbani. Baba yake alikuwa katekista wa zamani, wa fimbo na sauti, ambaye akisimulia jehanamu ungedhani katoka huko jana jioni. Moto wake, kiu yake, kilio chake, yote aliyapanga kwa zamu. Watoto wa darasa lake walirudi nyumbani hawataki hata kusogelea jiko. Lakini aliyeshika kuliko wote ni binti yake. Alishika kwamba mtoto mchanga anayekufa anaweza kubatizwa na mtu yeyote, hata asiye padri. Alishika maneno. Alishika kwamba lazima yawe maji, maji hasa, si maziwa, si mafuta, si mate. Na alishika kwamba mtoto akiondoka bila maji hayo hatauona uso wa Mungu. Baba alisema hivyo, na nani wa kumbishia baba?

Ndiyo maana alipoajiriwa aliweka chupa ya maji ya kuchemsha kwenye dirisha la chumba cha kuzalia. Mtoto akikaribia kufa, kwanza alimwuliza mama: "Nimbatize?" Mama akikubali, alibatiza. Wenzake walimtania, "Upesi, hiyo parokia yako ya dirishani ina waumini wangapi?" Alicheka nao. Lakini jioni alihesabu kimoyomoyo vichanga aliowatanguliza mbinguni, akajiambia kwamba siku ya hukumu hao watamtetea.

Miaka kumi na moja iliyopita akaletewa mshonaji mmoja, mimba ya kwanza, pacha. Wa kwanza, msichana, alitoka akipiga kelele kama aliyeibiwa. Wa pili alikuwa mvulana, kitovu kimemzunguka shingo, midomo ya buluu, moyo wake unapiga mara moja na kupumzika. Mkunga akamkata kitovu, akamvuta ute, akamkanda kifua kwa vidole viwili.

"Sista, mbatize!" mama alilia kutoka kitandani. "Mbatize kabla hajaenda!"

Mkono mmoja ukabaki kifuani, mwingine ukaifikia chupa. Akammwagia kichwani mara tatu, akayasema maneno yote bila kukosea hata moja. Alipomaliza ndipo aliposikia baridi ile kwenye vidole, baridi ya ajabu, na harufu ikampanda puani.

Spiriti.

Asubuhi hiyo chupa ya spiriti ilikuwa imepata ufa. Yeye mwenyewe, kwa ile haraka yake, aliimimina spiriti kwenye chupa tupu aliyoiona kwanza, inayofanana na ile ya maji, akaiweka dirishani. Jina nitaandika baadaye, alijisemea. Baadaye gani! Haraka haraka haina baraka, watu huimba wimbo huo tangu utotoni, lakini nani husikia akiwa na kina mama watano wanaopiga mayowe?

Akarukia bomba, hatua tatu, akarudi na maji kwenye kiganja. Kifua kimetulia. Akaweka sikio. Kimya. Akaweka tena. Maiti habatizwi, hilo nalo alilishika kwa baba. Maji yakamvuja katikati ya vidole, yakaishia sakafuni.

"Umeshambatiza?" mama aliuliza.

Mdomo ukamtangulia. "Tayari, mama. Yuko kwa Mungu."

Tangu hapo, jamani, usingizi wake ulikuwa wa kukopa. Alimwona mtoto yule mahali pasipo mlango. Alimwona ana kichwa kilicholowa kitu kinachoshika moto, na yeye ndiye aliyemlowesha. Kwenye maungamo alitaja hasira, umbeya, kumjibu mume vibaya. Lile moja alilimeza. Aliogopa padri atamwambia, nenda ukamwambie mama wa mtoto. Kisha akapanga mstari akapokea komunyo hivyohivyo, na kila alipomeza alijua anakula hukumu yake. Miaka kumi na moja ya Jumapili. Hata kwa vidole vya kata nzima huwezi kuzihesabu.

Sasa msichana yule aliyebaki alikuwa anapokea kipaimara, na mama yake akaja hadi lango la hospitali, futi ya kupimia shingoni.

"Dada, wewe ndiye msimamizi wa mwanangu. Usinikatalie."

"Mimi? Mbona una ndugu zako?"

"Nani mwingine? Si wewe uliyempeleka kaka yake mbinguni?" Akamzungushia futi kiunoni palepale, mbele ya walinzi. "Nakushonea gauni. Umenenepa, eh!"

Mkunga alicheka, lakini si moyoni. Kusimama mbele ya askofu, mkono begani kwa pacha wa yule mtoto! Aliona hapo ndipo ardhi itakapofunguka.

Jumamosi akaenda kuungama. Aliapa kwamba leo anasema. Alipiga magoti nyuma ya pazia, akataja hasira, akataja umbeya.

"Kuna kingine, mama?" padri aliuliza kwa upole.

"Hapana, padri."

Akapewa maondoleo ya dhambi ambayo hayakuwa yake. Alitoka akishikilia mabenchi, na pale ngazini, kama amepangiwa, akamkuta mshonaji amekaa na gauni mapajani, anasubiri binti yake anayefanya mazoezi ndani na wenzake.

"Njoo ulijaribu," mshonaji alisema.

Mkunga akaketi, na yote yakamtoka kwa pumzi moja, chupa, ufa, spiriti, bomba, uongo. Hakupumzika hata kwenye nukta. Alipomaliza alifumba macho akingoja kofi.

Kofi halikuja. Mshonaji alikunja gauni taratibu, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ilimchoma macho?"

Mkunga alishindwa kuelewa. Miaka yote hiyo alimwogopea mtoto moto wa milele, na jambo hili dogo halikuwahi kumpitia akilini.

"Aliyafumba," alijibu. "Alishtuka kidogo, akakunja ngumi."

"Alikunja ngumi." Machozi yalimdondoka mshonaji juu ya gauni. "Hakuna aliyewahi kuniambia." Kisha sauti ikabadilika. "Unajua nilivyoishi, dada? Nimetukanwa sikujibu. Mume kaniacha, sikumlaani. Nilijiambia, vumilia wewe, usichafuke, utakosa kumwona mwanao. Sasa kama hayuko huko, mimi huko nakwenda kwa nani?"

"Mdogo wangu, usiseme hivyo!" Mkunga alimshika mdomo kwa kiganja. "Mungu anakusikia!"

Mshonaji akautoa mkono. "Na asikie. Kama mwanangu kafungiwa nje, na mimi anifungie huko huko. Simwachi peke yake mara ya pili."

Hapo mkunga akaingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Ile ya zamani ilikuwa ya ngozi yake mwenyewe, na ghafla aliiona ni ya ubinafsi mno, hata ikamtia aibu. Huyu mwanamke ameishi safi kwa ajili ya mtoto mmoja, na yeye, kwa kutaka kutua mzigo, amemsukuma hadi ukingoni. Roho mbili sasa, si moja.

"Simama," alisema. "Twende."

Wakaingia pamoja. Mstari ulikuwa umekwisha, padri akikunja stola yake. Mkunga hakuomba radhi. Alipiga magoti mahali palepale, akaliacha pazia wazi, mshonaji amesimama nyuma yake.

"Padri, nimerudi. Nilikuficha jambo, nitakueleza lote, unipe adhabu unayotaka. Lakini kwanza mjibu huyu mama. Mwanawe alikufa mikononi mwangu bila maji, kwa kosa langu, na anauliza yuko wapi."

Padri akaketi tena. Alimtazama mkunga, akamtazama mshonaji, akaivaa stola upya. Mle kanisani watoto walikuwa wanajifunza kuitikia "Ninasadiki," na mshonaji alisogea karibu zaidi ili asikose neno la padri.