Onja Kwanza

Wajukuu wangu huniuliza kwa nini napenda riwaya za sumu na siri za ndani ya nyumba kuliko vitabu vya vita. Nawaambia vita vya mbali havinitishi. Jeshi la watu wengine litanifanya nini mimi niliye jikoni? Lakini niambie kuna nyumba ya watu wanne, wanakula sufuria moja, na mmoja wao si mtu mwema: kitabu hicho sikiweki chini hata ugali uungue. Na umeshaungua mara nyingi.

Utamu huo niliujulia Busia, upande wa Uganda, miaka michache baada ya uhuru, nikiwa bibi arusi mwenye hasira za karibu. Mimi ni Mjopadhola wa Tororo. Mume wangu alikuwa Msamia, mfanyakazi wa stesheni ya reli kule kwetu Tororo, na aliniacha kwa mama yake kando ya barabara ya Majanji, iendayo ziwani, yeye akawa anakuja Jumamosi tu. Mama mkwe hakujua Kidhopadhola, na Kisamia changu kilikuwa cha salamu. Basi tulikutana katika Kiswahili cha mpakani, ambacho kila mtu hukisema anavyojaliwa.

Pande zote mbili za mpaka kuna desturi moja: anayekukaribisha pombe huonja kwanza mbele ya macho yako, ujue hakuna kitu ndani. Ni heshima ya mgeni. Lakini mama mkwe aliitumia kwa chakula cha kila siku. Nikitoka jikoni na ugali wa wimbi na samaki, sijauweka hata chini, yeye yuko mlangoni anapaza sauti: "Onja kwanza." Na barabara imejaa wanawake wanaotoka Majanji na vikapu vya samaki, na wachuuzi wanaorudi upande wa Kenya. Wote wanageuza shingo. Mimi naonja, nao wananitazama kama mwizi wa kuku.

Nilimwambia mume wangu. Akacheka, akasema mama ndivyo alivyo. Mtu akikuambia "ndivyo alivyo", ujue hajawahi kuangalia vizuri. Nikaapa moyoni: nikishavuna wimbi niliopanda kwa mikono yangu, na hali bado ni hii, nachukua sanduku langu la bati narudi Tororo, na ng'ombe wa mahari watarudi Busia kwa miguu yao. Nilimpenda mume wangu. Lakini siwezi kuzeeka katika nyumba ambayo mkono wangu unaogopwa.

Jumamosi moja akaniletea kitabu. Abiria alikisahau kwenye benchi la stesheni, kikakaa hapo hadi ikajulikana hakuna wa kukirudia. Kilikuwa cha Kiingereza, jalada limeng'oka. Alidhani kitanituliza, maskini.

Mchana, baada ya kula, tulikuwa tunabambua njugu za mbegu mbele ya jiko: mama mkwe, wifi yangu ambaye alikuwa bado hajaolewa, na jirani yetu muuza samaki akiwa amemaliza kikapu chake. Wao wanabambua, mimi nasoma na kutafsiri. Kitabu kilimhusu mke mmoja ambaye supu yake ilianza kuwa chungu. Siku hadi siku anadhoofika. Nyumbani mna mume mpole anayemchana nywele kila asubuhi, mna mama wa mume, na jirani mwanamke hupita na chupa ya asali. Yule mama ndiye balaa. Kila wageni wakija, anasema mbele yao kwamba supu ya nyumba hii inanuka. Siku moja akaipiga sahani ya mkwewe, ikavunjika sakafuni.

Sauti ya yule mama niliisoma kwa namna ya mtu fulani ninayemjua. Wifi aliitambua, akainamia ungo wake asionekane anacheka.

Watu wanadhani vitabu hivi vinapendwa kwa sababu ya damu. Hakuna damu. Kuna sahani, ufunguo, kijiko, mlango uliofungwa wakati jana ulikuwa wazi. Ni vitu unavyovishika kila siku, na ukimaliza sura moja unakiangalia kikombe chako mwenyewe kwa jicho la pembeni. Halafu kila msikilizaji hukamata mhalifu wake. Wifi alimshika jirani wa asali, maana hakuwaamini wanawake wanaobisha hodi bila shughuli. Muuza samaki, aliyekuwa amemkimbia mume kule Majanji, alimshika mume. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mwanamume anayekuchana nywele kila asubuhi, anatafuta nini kichwani?" Mimi, bila shaka, nilimshika mama mkwe.

"Hiyo mama haina makosa," akasema wangu, bila kuinua macho.

"Mama, si amevunja sahani ya watu?"

"Soma tu. Hiyo mama iko sawa."

Tulibishana hivyo mchana baada ya mchana. Nilianza kuungoja mchana. Siku nyingine nilisahau kwamba namchukia.

Wimbi ukaiva. Siku moja tulikuwa shambani sisi wawili peke yetu, tunavuna. Nikafungua majani ya ndizi nilimofunga muhogo wa kuchemsha, nikakata kipande nionje, maana nilishazoea. Akakichukua kile kipande mkononi mwangu, akatia kinywani, akaendelea kukata mashuke. Nikadhani ni njaa. Msomaji hodari angesimama hapo. Mimi nilipita.

Wimbi ulipokwisha ingia ghalani, nilifunga sanduku. Zilikuwa zimebaki kurasa chache, nikasema nimalize kwanza. Mtu anaweza kumwacha mume njiani, lakini si kitabu kama kile.

Aliyekuwa akitia sumu alikuwa mume. Mama yake alikuwa amemshuku mwanawe wa kumzaa na ulimi ukawa mzito kumtaja, kwa hiyo alipiga kelele juu ya supu, watu wasikie, mkwe asinywe. Muuza samaki alijipiga paja kwa furaha. Mama mkwe hakujisifu. Aliendelea na njugu zake.

"Mama," nikamwuliza, "ulijuaje?"

"Mtu ya sumu hapigi kelele. Inanyamaza. Mwenye kulinda ndiye anapiga kelele."

Akaweka ungo chini. "Mimi naolewa hapa nikiwa mgeni kama wewe. Baba mkwe alikula samaki ya mkono yangu, akalala, asubuhi amekufa. Alikuwa mgonjwa siku mingi. Lakini nani aliniona naonja? Hakuna. Walisema ni mimi. Walisema mpaka mume yako akazaliwa, mpaka akaota meno, bado wanasema." Akanitazama sasa. "Mimi nimezeeka. Siku moja nitakufa na chakula yako tumboni, maana ni wewe unapika. Watu watatafuta mgeni. Mimi nataka hii barabara yote iseme: hapana, huyo tulimwona, alikuwa anaonja."

Mimi nilianza kulia, kisha katikati ya kilio nikapandwa na hasira.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeonja ukicheka. Watu wangejua tumepanga."

Hapo ndipo nilipoujua utamu mkubwa wa vitabu hivi. Ni pale unaporudi nyuma, ukakuta kila ukurasa ulikuwa ukikuambia kweli na wewe ulikuwa unasoma kwa hasira zako. Sauti ilipazwa mlangoni tu, barabara ikiwa na watu. Shambani, tulipokuwa wawili, alikula mkononi mwangu. Mwaka mzima nilikuwa nikipendwa na mtu anayenikaripia, na sikujua. Nilisikia furaha.

Nikaingia jikoni nikasonga ugali. Jua lilikuwa limeanza kushuka nilipotoka na sinia. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mahali pake.

"Onja kwanza," akapaza sauti.

Nikamega tonge. Nilikuwa nimelifikisha mdomoni aliponigusa kiwiko, akatupa jicho barabarani ambako wanawake wa samaki walikuwa wanapanda kilima na vikapu vyao.

"Ngoja," akaninong'oneza. "Hawa wafike karibu."

Nikangoja.